Shauri Dhidi ya Mjomba wa Jeffrin

Kampung Sintuong, Tambunan
17 Februari 1996

Mdogo wangu Flavian,

Habari za Kota Kinabalu? Hendrika hajambo? Na watoto? Huku Mama yupo, macho tu ndiyo yanazidi kumsumbua. Juzi alimwita padri kwa jina la marehemu Baba, na padri naye akaitika. Mpunga wa mlimani tumevuna nusu. Mvua imekataa kuondoka.

Nina habari mbaya na sijui kuipamba. Jeffrin wangu amefariki. Alikwenda kuwinda kule juu ya mto, akapatwa na ajali, hakufika hospitali. Tumemzika karibu na baba yake. Najua barua hii itakukuta mambo yote yamekwisha. Barabara iliporomoka na sikupata mtu wa kumtuma kwako.

Usihangaike kuja sasa, una kesi zako na njia ni tope tupu. Utakuja Mei, sikukuu ya mavuno. Tumekwisha kaa na wazee, na mambo yamepoa.

Dada yako,
Domitilla


Kota Kinabalu
6 Machi 1996

Dada,

Barua yako nimeipata jana, nikaisomea kwenye korido ya mahakama nikiwa nimevaa joho. Hendrika hajala tangu jana. Watoto wanauliza kama kitanda cha Jeffrin kitaondolewa, maana mara ya mwisho alisema Aprili angerudi kutafuta kazi ya ufundi. Nimewaambia kisiguswe. Mpe Mama pole zangu, na wewe pia. Nimeandika neno hilo mara ngapi kwa watu nisiowajua, na leo limekuwa gumu.

Sasa niambie. Ajali gani? Aliteleza? Aliangukiwa na mti? Umeandika "akapatwa na ajali" kama gazeti. Halafu unasema mambo yamepoa. Kilichokuwa cha moto ni nini? Watu hawaendi kukaa na wazee kwa sababu mtu ameteleza kwenye jiwe.

Na barabara, Dada. Nimekwenda kuuliza stendi. Basi la Tambunan lilikuwa linaingia hapa kila siku mwezi ule.

Nijibu.
Flavian


Kampung Sintuong
28 Machi 1996

Flavian,

Tumepokea salamu zako. Mama anasema ahsante kwa miwani, ingawa anaivaa kichwani kama taji. Nguruwe mkubwa amezaa.

Umeniandikia kama unamhoji shahidi. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, usisahau.

Haya, sikia. Ni risasi. Alfajiri ukungu ulikuwa mzito, Jeffrin na rafiki yake Masudal walikuwa wamegawana njia kumvizia nguruwe mwitu anayekula mpunga wetu. Jeffrin akatoka upande ambao hawakukubaliana. Masudal akaona kichaka kinatikisika, akafyatua gobore. Ndiyo, gobore la kienyeji, halina kibali, kama magobore yote ya kijiji hiki, likiwemo la Baba ambalo wewe mwenyewe ulijifunzia. Masudal alimbeba mgongoni kutoka kule juu mpaka barabarani. Jeffrin aliletwa hapa uani akiwa hana uhai, na Masudal akalala kifudifudi mbele yangu. Akasema, "Mama Jeffrin, nifanye unavyotaka."

Unajua nilitaka nini? Nilitaka panga. Nililiendea. Lojinah, mkewe, alisimama tu na mtoto kiunoni, hakukimbia.

Mzee Gantoi na wenzake wawili wa mahakama ya kijiji walikaa baada ya mazishi. Masudal alikiri kila kitu. Wakakata sogit, malipo ya kupoza: nyati wa kulimia, gongo la shaba la babu yake, lile linalopigwa ngomani, na mtungi wa kale. Nyati alichinjwa, damu ikamwagwa pale Jeffrin alipoangukia ili ardhi ipoe, na sisi na wao tukala sahani moja. Nilikula, Flavian. Nilitafuna mpaka nikameza. Baada ya hapo hakuna wa kulipiza na hakuna wa kuhama kijiji. Masudal sasa analima shamba langu kama mwanangu.

Shauri limekwisha. Naomba uliache hivyo hivyo.

Domitilla


Kota Kinabalu
19 Aprili 1996

Dada Domitilla,

Watoto wana mitihani. Hendrika anakusalimu. Kazi ni nyingi.

Nyati! Mtoto niliyemlea hapa kwangu miaka ya sekondari, aliyemfundisha binti yangu kuendesha baiskeli, amepigwa risasi kama mnyama, na nyinyi mmekaa chini mkala nyati. Mlikunywa na pombe ya mchele? Gongo lilipigwa? Nani alicheza?

Unasema Masudal alikiri. Alikiri mbele ya nani? Mbele ya Mzee Gantoi, ambaye akiwa katikati ya shauri anainuka kufukuza kuku? Nani aliuona mwili? Nani aliuliza Masudal alikuwa amekunywa nini usiku ule? Nani aliuliza kama wawili hawa walikuwa na ugomvi? Mliuliza jambo moja tu, nyati yupo au hayupo.

Sherehe ya mavuno sitakuja. Nisalimie Mama.

Flavian


Kampung Sintuong
30 Juni 1996

Flavian,

Mama alikungoja Mei. Alivaa ile nguo nyeusi ya mahameli toka asubuhi, akakaa nayo kizingitini mpaka ikaloa jasho. Nikamwambia una kesi. Akasema, "Mtoto huyo kila siku ana kesi."

Polisi wamekuja. Walikuja na gari mbili kumchukua mtu mmoja ambaye alikuwa amesimama kwenye tope la shamba langu akipanda. Masudal aliwauliza kama anaweza kunawa miguu kwanza. Wakamwambia atanawa huko. Siku ya pili wakarudi wakafukua kaburi. Lilikuwa limeshaota majani, Flavian. Padri alisimama pale akisali na mimi nilikuwa nalia kwa matusi, kila tusi nililolijua.

Lojinah amebaki na watoto. Ndugu zake Masudal wanapita mbele ya nyumba yangu bila kunisalimu, maana wanadhani ni mimi niliyewaita polisi. Tulikula nao sahani moja, kisha polisi wakaja. Wewe ungefikiri nini? Jana mtu amemkata mkia nguruwe wangu. Hayo ndiyo tuliyokuwa tumeyazima.

Nani kasema? Mzee Gantoi anadhani ni mchuuzi wa soko la Alhamisi. Mimi namdhania karani wa zahanati. Wewe una watu huko serikalini. Niulizie ni nani, nami nitakwenda kumtemea mate usoni.

Domitilla


Kota Kinabalu
2 Agosti 1996

Dada,

Natumaini Mama hajambo. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya safari za kikazi.

Nasikitika juu ya kaburi. Hilo lilikuwa lazima kisheria. Aliyekufa kwa risasi hawezi kuzikwa bila daktari kumwona. Mahakama za wenyeji zina mamlaka yake: ndoa, mipaka, matusi, mila. Kifo hakimo. Mzee Gantoi anajua hilo, limeandikwa katika kile kitabu cha sheria alichopewa na wilaya, kama bado hajakiwekea chungu juu yake.

Kesi itasikilizwa Oktoba. Utaitwa. Sema ukweli tu. Masudal akiwa hana kosa kubwa, mahakama itaona hivyo. Hakuna haja ya kumtafuta mchuuzi wala karani.

Flavian


Kampung Sintuong
11 Novemba 1996

Flavian Gimbang,

Mama mzima. Mpunga mzima. Nguruwe wazima, isipokuwa yule asiye na mkia. Salamu zimekwisha.

Nilikwenda Mahakama Kuu. Lojinah na mimi tulikaa benchi moja, mtoto wake akalala mapajani mwangu. Mkalimani aliponisikia nikisema sogit akamwambia jaji "faini". Nikamkatiza: "Si faini. Faini unalipa unaondoka. Sema 'kupoza'." Akaniangalia kama mwendawazimu.

Jaji hakuwa mtu mbaya. Akaniuliza, "Mama, wewe ndiye uliyefiwa. Leo unamwombea aliyemuua mwanao?"

Nikamjibu, "Simwombei. Mimi nilikwisha malizana naye. Nyinyi ndio mnaanza."

Watu walicheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Kisha akasimama sajini na kusoma jinsi kesi ilivyoanza. Akasoma kwa sauti, polepole: taarifa ilitolewa na mjomba wa marehemu, tarehe ishirini Aprili. Nikamwambia mkalimani arudie. Akarudia. Ishirini Aprili! Umeniandikia kuhusu mitihani ya watoto, ukalamba bahasha, na kesho yake ukaenda polisi. Na mimi nikakuandikia nikuombe unitafutie msaliti! Ulisoma ile barua ukasema nini moyoni? Ulicheka?

Niligeuka kukutafuta mle ndani. Hukuwemo. Msibani hukuwepo, na kwenye kesi uliyoianzisha mwenyewe pia hukuwepo.

Masudal amepewa miaka miwili. Jaji alisema bila ule upatanisho ingekuwa zaidi. Ahsante sana. Lojinah hakulia mpaka tulipofika stendi.

Sasa sikiliza. Nimekwenda kwa Mzee Gantoi nikakushtaki. Mimi, dada yako wa tumbo moja, nimekushtaki kwa kuvunja amani iliyokwisha kuliwa. Hati ya kuitwa shaurini imo humu ndani, ina muhuri. Usiniambie haina nguvu. Mwaka jana ulisimama kwenye mkutano wa mawakili ukasema mahakama za wenyeji zitambuliwe, zipewe heshima na meno. Mama alibandika gazeti lenye picha yako ukutani. Haya, sheria mpya imekuja, meno yameota. Njoo uumwe.

Domitilla


Kota Kinabalu
5 Januari 1997

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Binti yangu amefaulu.

Sikucheka. Hilo ulijue.

Ndiyo, ni mimi. Ningefanya tena. Hakuna mahakama popote duniani inayoweza kumwadhibu mtu kwa kusema kwamba mtu ameuawa. Nikitaka, hati hiyo nitaipeleka Mahakama Kuu ifutwe kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilisema mahakama zetu zitambuliwe ili zisikie mambo yetu vizuri, sikusema zifunike maiti. Leo ni risasi ya bahati mbaya na nyati. Kesho mtu atambaka binti wa watu, atatoa nguruwe, nanyi mtakula mseme pamepoa? Aliyebakwa atakula na nani?

Na kwa kuwa umetaka tutukanane, nami niulize. Wewe unajua mila kuliko mimi. Mtoto wa dada akifa, nani anaitwa kwanza? Kaburi linachimbwa kabla mjomba hajafika? Tangu lini? Barabara haikuporomoka, Domitilla. Basi lilikuwa linakuja. Ungempa dereva karatasi tu. Hukutaka nije. Ulijua ningeuliza, na ulimpenda Masudal na amani yako kuliko ulivyonihesabu mimi. Ulimzika mwanangu bila mimi. Ndiyo, mwanangu. Alikaa kwangu miaka mitano.

Flavian


Kampung Sintuong
23 Januari 1997

Flavian,

Mama anakohoa. Tumempa tangawizi.

Habari za ubakaji usinifundishe. Yule kijana wa ng'ambo ya mto aliyemshika binti wa watu, wazee wake walikuja na nguruwe wao mapema sana. Mimi na Lojinah tulimpeleka polisi kwa miguu, tukimsukuma, na Mzee Gantoi mwenyewe alitangulia na fimbo. Tunajua cha kupoza na kisichopozeka. Sisi si wapumbavu wa kukungoja wewe.

Hayo mengine uliyouliza sitayajibu kwa barua.

Kikao ni Jumamosi ya pili ya Februari. Njoo, au usije nibandue gazeti.

D.


Kampung Sintuong
16 Februari 1997

Flavian,

Ulipoondoka ulibamiza mlango wa ukumbi mpaka bawaba ya juu ikang'oka. Wamekuandikia hiyo pia.

Hukungoja hukumu, basi mimi ndiye niliyeambiwa nikuandikie, na ninaandika kwa kulazimishwa. Ulisema maneno yako vizuri, siwezi kukataa. Uliposema, "Nilipewa habari ya kifo chake kama mtu anayetangaziwa bei ya mpunga," hata wanawake wa nyuma waliinua vichwa. Kisha ukaharibu. Ukasema mahakama hii ni baraza la walevi, ukatoka.

Mzee Gantoi akakohoa, akasema: "Tumemsikia mlevi wa mjini. Sasa tukate shauri."

Akasema hivi. Kwenda polisi si kosa, kwa sababu ulikuwa umefiwa na hukuwa umekula nyama ile, kwa hiyo hukuvunja ulichokula. Kosa lako ni kufanya kimya kimya, ukamwacha dada yako amdhanie mchuuzi na karani, na majirani wamdhanie yeye. Watu nusura wamwage damu tena.

Nikaitikia kwa kichwa, nikawa nimeridhika. Hapo akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mshtaki," nikasema.

"Najua. Nakuuliza, tulipokula nyati, mjomba wa marehemu alikuwa wapi?"

"Kota Kinabalu."

"Nani alimwita?"

Nikautazama mlango uliokuwa unaning'inia.

"Domitilla, nani alimwita?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

Flavian, ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, na Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, miwani puani safari hii. Nikasema: "Kwa sababu angekuja na polisi, wangemchukua Masudal, na mimi ningebaki na wafu wawili badala ya mmoja."

Mzee Gantoi akasema, "Basi kile kikao hakikuwa kikao. Shauri la kifo likikaliwa bila mjomba limekaliwa upande mmoja. Mama huyu ana kosa. Na sisi watatu tulijua, tukanyamaza kwa kuwa tuliona haraka ni nafuu. Sisi nasi tuna kosa." Wakajitoza wenyewe kuku mmoja kila mmoja! Wameingiza kwenye kitabu kabisa.

Mimi nimetozwa nguruwe. Haruhusiwi kuchinjwa mpaka uwepo. Wewe umetozwa gongo dogo la shaba, na bawaba. Na jambo moja zaidi. Kila mwezi, mpaka Masudal atoke, wewe uliye karibu na gereza utakwenda kumtazama, kisha utamwandikia Lojinah hali yake, kwa kuwa ni wewe uliyempeleka mbali naye.

Nimekasirika mpaka leo. Nilikwenda kushtaki nikarudi nimeshtakiwa. Nilimwambia Mzee Gantoi nitakata rufaa kwa mkuu wa wenyeji wilayani. Akasema, "Kata, mlango uko wazi. Hata hauna bawaba."

Sijakata bado. Nangoja nione kama wewe utatii.

Domitilla


Kota Kinabalu
24 Machi 1997

Dada,

Shikamoo. Kikohozi cha Mama vipi? Hendrika amempelekea dawa kwa dereva wa basi. Ni yule yule dereva. Nimemwomba kuanzia leo habari zote za nyumbani apitishe kwangu, hata kama ni za kuku.

Niliposoma barua yako nilisema sitakwenda. Nilimweleza Hendrika kisheria kwa nini amri ile haiwezi kusimama. Alikuwa anakatakata samaki, hakuinua kichwa. Akasema, "Wewe ndiye uliyetaka wapewe meno. Ulidhani watauma wengine tu?"

Nimekwenda Jumamosi. Nimeingia gerezani mara nyingi, lakini kila mara kwa mlango wa maofisa. Safari hii nilipanga foleni na wake za watu, kwenye jua. Askari mmoja alinitambua akataka kunipitisha mbele. Nilikataa, na sijui kama ilikuwa heshima au aibu.

Masudal amekonda. Wamemnyoa. Alikaa nyuma ya wavu akaniangalia, akauliza, "Umekuja kama nani?"

"Mjomba wa Jeffrin," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza yale yote niliyotaka kuyauliza tangu mwaka jana. Kama alikuwa amekunywa. Akasema hapana. Kama waligombana. Akasema waligombana wiki moja kabla, juu ya mbwa, wakapatana. Kama Jeffrin alikufa pale pale. Hili, Dada, hukuniambia. Labda naye hakukuambia.

Akasema Jeffrin alikuwa hai karibu nusu ya njia. Alikuwa analalamika kwamba kiatu chake kimoja kimedondoka, kile cha buluu nilichomnunulia Krismasi. Alitaka warudi kukiokota. "Nikamwambia tutarudi," Masudal akasema. "Akanitukana kwamba mimi ni mwongo. Akacheka. Halafu akawa mzito."

Nililia pale, mbele ya wake za watu na askari anayenijua. Yeye hakulia. Alingoja nimalize.

Lojinah nimemwandikia barua yake, mweleze inakuja. Mwambie mumewe anafanya kazi jikoni na hapigwi. Bawaba nimenunua, na gongo natafuta. Nguruwe wako mfuge tu, nitakuja Mei. Tutagombana vizuri tukiwa uso kwa uso, maana hilo la kunificha msiba sijakusamehe, nawe najua la polisi hujanisamehe.

Muda ulipokwisha nilisimama, nikaona sitakuwa mwaminifu nikiondoka kimya. Nikamwambia, "Masudal, nimeambiwa nije kila mwezi, na nitakuja. Lakini ujue bado nina hasira na wewe."

Akasema, "Njoo nayo tu, bwana. Humu ndani hakuna mwingine anayemkasirikia mtu kwa ajili ya Jeffrin."

Mdogo wako,
Flavian